Sala Aliyoikataa Rosalina

Mguu wa kulia wa Lourenco ulikuwa ndani ya gogo. Lilikuwa gogo la mkorosho mkongwe, limetobolewa tundu katikati; unyayo ukishapenya, chuma kinene hupigiliwa kukatiza juu ya kifundo, na mtu hana tena pa kwenda. Aliketi nyuma ya nyumba ya dada yake pale Likombe, kando ya banda la kuku, akiwafukuza nzi waliokizonga kidonda chake, huku midomo ikicheza kwa maneno yasiyo na kituo. Rosalina alichuchumaa mbele yake na bakuli la ugali wa muhogo na kisamvu. Alimlisha tonge kwa tonge, na kila mara alitazama pembeni. Uchafu alishauzoea, hata harufu. Kilichomshinda ni macho. Macho ya mdogo wake yalikuwa yale yale.

Walikuwa wamevuka Ruvuma pamoja, vita vilipokiteketeza kijiji chao upande wa Msumbiji. Rosalina alimbeba mwanawe Helena mgongoni; Lourenco alimbeba mama yao, akamfikisha ng'ambo akiwa hai, akamzika juma lile lile. Hakulia mbele ya mtu. Alilima, alijenga, na katika kanisa dogo la makuti akawa mwimbishaji ambaye akiinua mkono tu, hata wazee wenye sauti za msumeno waliimba wakapendeza. Miaka ikapita. Kisha akaanza kukesha, akabishana na watu ambao hakuna mwingine aliyewaona, mpaka alfajiri moja jirani yao, Mwajuma, akamkuta shambani kwake, ameing'oa mihogo yake yote na vidole vinamchuruzika damu.

"Kuna watu chini," Lourenco alimwambia, akihema. "Wanapumua. Nisaidie kufukua!"

Balozi wa nyumba kumi alikata shauri bila kuzunguka: afungwe nyumbani, au apelekwe rumande. Gaudensi, mume wa Rosalina, ndiye aliyelitoboa gogo kwa mikono yake. Hakuwa mtu katili. Alikuwa kuli katika ghala la korosho, mtu wa maneno machache, na alimpenda shemeji yake. Lakini zaidi alimpenda mwanawe Helena, na hofu ikiingia nyumbani huruma hukaa kibarazani.

Basi Rosalina akabaki na sala. Alisali rozari akipepeta unga, akasali akienda sokoni Chikongola na akirudi. Mrudishe alivyokuwa, Bwana. Ndilo lilikuwa ombi lake, kila siku hilo hilo. Watu walipomuuliza habari za Lourenco alijibu kwamba hajambo kidogo, kisha akaongeza mwendo. Aibu ilikuwa imejenga ndani yake kama mchwa: nje ukuta mzima, ndani vumbi.

Jumamosi moja alasiri, kikundi cha sala kilikuja kuwafariji. Walitandikiwa mikeka mbele ya nyumba, kwa maana nyuma hakuna aliyetaka kwenda. Katekista Anselimu aliongoza zaburi na nyimbo, kisha akawaachia watu waombe kadiri walivyojaliwa. Magreth ndiye aliyeanza. Alikuwa mwanamke mwema, asiyekosa kwenye msiba wa mtu. Unga uliokuwa ukilika nyumbani humo wiki ile alikuwa ameuleta yeye. Alifumba macho.

"Ee Bwana, mja wako Lourenco ameteseka vya kutosha. Na jamaa zake wameteseka kuliko yeye. Umwite kwako, Bwana. Umpumzishe, nao wapumzike."

"Amina," wakaitikia wote.

Rosalina naye aliitikia. Na kabla mwangwi haujatulia, kutoka nyuma ya nyumba, kule kwenye banda la kuku, ilipanda sauti nyingine, safi, imeshika noti yake sawasawa kama enzi za kwaya:

"Amina."

Lourenco alikuwa ameitikia kifo chake mwenyewe, kwa adabu, kama mtoto anayeitikia baraka ya chakula. Naye, dada yake wa tumbo moja, alikuwa ameitikia kabla yake. Angeweza kusema ulimi uliteleza. Lakini alipouchungulia moyo wake aliukuta umekaa kimya, haukuwa umepinga. Tena kwa nukta moja ulikuwa umeshusha pumzi, kama mchukuzi aliyetuliwa mzigo.

Akasimama.

"Naomba niirudishe amina yangu," alisema.

Anselimu alimtazama kwa mshangao. "Mama Helena, sala ikishatoka imetoka."

"Basi acha niombe nyingine iifuate, iikamate njiani." Lakini hakufumba macho wala hakupiga magoti. "Katekista, wakati wa Kwaresima ulitufundisha habari za yule mtu aliyeishi makaburini, aliyekuwa akipiga kelele usiku na mchana. Minyororo yake alifungwa na nani?"

"Na watu," alisema Anselimu.

"Watu wa kwao?"

"Bila shaka watu wa kwao."

"Na Yesu alipofika, aliongeza mnyororo?"

Gaudensi aliinuka. "Kaa chini, Rosalina. Wageni hawa wamekuja kutusaidia."

"Wamekuja, na Mungu awalipe. Lakini mimi nimekuwa nikimwomba Mungu amfungue mtu niliyemfunga mwenyewe. Ananisikilizaje?" Aliingia ndani, akatoka na nyundo.

Gaudensi alimzuia penye kona ya nyumba. Hakupaza sauti, na ndiyo maana maneno yake yaliuma. "Na Helena? Siku akimdhuru Helena utamwomba nani akurudishie?"

Hilo Rosalina alilijua. Lilikuwa likilala naye. "Mtoto atalala na wewe chumbani, mlango ufungwe," alisema. "Mimi nitatandika mkeka wangu mlangoni kwa Lourenco. Akitoka, atanikanyaga mimi kwanza. Gaudensi, sikuambii usiogope. Hata mimi naogopa. Lakini sitamwogopa kwa njia hii tena."

Mume wake akampisha, akatoka barabarani bila kuaga.

Chuma kilikuwa kimeshika kutu. Rosalina aligonga, nyundo ikateleza ikamchubua kidole, akagonga tena. Lourenco alianza kupiga yowe. Kwa mlio ule Mwajuma alitokea upenuni kwake, amejitanda ukaya kichwani, akasimama mpakani mwa viwanja vyao.

"Unamfungua?"

"Namfungua."

"Sijaisahau mihogo yangu, Mama Helena. Nisije nikakudanganya."

"Sikuombi uisahau."

Mwajuma alisonya, akavuka mpaka, akalikumbatia gogo kwa mikono yote miwili. "Gonga basi, limetulia. Bismillahi. Mbuzi mwenyewe hafungwi hivi."

Chuma kilipochomoka, mguu haukutoka mara moja. Ulikuwa umesahau kutembea. Wanawake wale wawili waliubembeleza utoke, taratibu, kama watu wanaomzalisha mzazi. Magreth alikuja na maji ya moto na chumvi. Alikuwa akilia. "Sikukusudia ubaya, Mama Helena."

"Najua," alisema Rosalina, akiosha kidonda. "Hata mimi sikukusudia."

Jua lilikuwa bado liko juu ya mikorosho wakati Gaudensi aliporudi, akisukuma baiskeli ya kuazima. Hakumtazama mkewe. "Zahanati ya misheni haijafungwa," alisema. "Mpakize. Mimi nitashika usukani, wewe mshike mgongo."

Nesi Raheli, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimchunguza Lourenco bila haraka, akamsikiliza hata alipozungumza na ukuta. Alimchoma sindano, akasafisha kidonda, ndipo akamgeukia Rosalina.

"Huu ni ugonjwa, mama, kama malaria ilivyo ugonjwa. Tofauti ni kwamba malaria hatuionei haya."

"Atapona?"

"Anaweza kutulia. Kupona sikuahidi. Vidonge visikatike, hata siku mtakapomwona mzima. Siku hiyo hasa."

"Na sala?"

Nesi alivua miwani akaifuta. "Mimi huanza kazi kwa sala kila asubuhi. Kisha nafungua kabati la dawa."

Isidhaniwe kwamba kuanzia hapo njia ilinyooka. Vidonge vilimfanya Lourenco alale kama gogo alilotolewa, na alipoamka mikono ilitetemeka asiweze kushika kikombe. Mara alivitema. Mara nyingine, masika yalipoanza, alitoroka, wakamtafuta mpaka njia ya Mikindani. Gaudensi ndiye aliyempata ameketi ndani ya mtaro, mvua inamnyeshea, akavua shati lake akamfunika. Walirudi wameshikana mikono. Siku kadhaa baadaye Rosalina alimkuta Gaudensi akilipasua lile gogo kuni.

Sala yake nayo ilibadilika, ingawa yeye hakuiona ikibadilika. Aliacha kumwambia Mungu Lourenco alivyokuwa zamani. Aliona Mungu hana haja ya kukumbushwa. Sasa aliomba vitu vidogo. Leo ameze kidonge. Leo mimi nisimkaripie. Watu walipomuuliza habari za mdogo wake alisimama, akaweka kikapu chini, akawaeleza: jana alikuwa mgumu, leo amekula. Wengine walikosa pa kuyaweka macho. Wengine walisogea karibu, wakashusha sauti, wakamsimulia juu ya shangazi, juu ya mtoto wa kaka, juu ya chumba fulani huko Magomeni kisichofunguliwa mchana.

Jumapili ya Pentekoste alimvisha Lourenco shati jeupe, akaingia naye kanisani kwa mlango mkubwa. Benchi walilokalia lilipata nafasi ghafla. Watu walisogea kama sisimizi waliomwagiwa majivu. Rosalina alikaa wima. Kisha Magreth alitoka upande wa pili, akapita mbele ya macho ya wote, akaja kuketi kando ya Lourenco, bega kwa bega, akafungua kitabu chake cha nyimbo.

Lourenco alivumilia hadi mahubiri. Hapo akaanza kujishika masikio, akainuka, akatoka. Rosalina alimfuata. Alimkuta amesimama chini ya ukingo wa paa, uso umeelekezwa ukutani, anapumua kwa nguvu.

"Wale wanaokusemesha wamezidi leo?" alimuuliza.

"Wamezidi."

"Twende nyumbani?"

Lourenco aligeuka, akamtazama dada yake kama mtu anayesoma maandishi madogo. Ndani walikuwa wakiendelea. Sauti ya Anselimu ilipanda na kushuka.

"Dada," alisema, "wewe nani anakuombea?"

Rosalina alinyoosha mkono kumweka sawa kola ya shati.

"Umechoka," Lourenco alisema. "Inama."

Aliinama. Mkono wa mdogo wake, ule uliotetemeka, ulikuja ukatua juu ya kitambaa chake cha kichwa. Alianza kusali kwa Kimakonde, kisha kwa Kireno cha misheni ya utotoni, kisha kwa maneno mengine ambayo hayakuwa ya lugha yoyote. Jina la Rosalina lilipita humo mara kwa mara. Sala ilikuwa ndefu. Waumini wakaanza kutoka, wakawapita, mmoja akasimama, mwingine akaweka kofia yake kifuani. Shingo ilimuuma. Rosalina hakuinua kichwa.