Ukoga wa Tangi la Pili

Mtafiti alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kuoga, ukalala, ukaamka mzima. Ule wa kwenye mifupa. Asubuhi alimwogesha mama mkwe wake, akambembeleza mpaka akanywa chai, akamsakia kiatu cha kushoto nyumba nzima akakikuta ndani ya friji, ndipo akamshika mkono wakaja wote maabara. Angemwacha na nani? Mumewe yuko kaburini, majirani wamechoka kuitwa, na mama mkwe mwenyewe ukimwacha peke yake anawasha jiko halafu anasahau.

Wifi yake, dada wa marehemu, alikuwa akimwambia kila mara, "Ukimchoka nipigie tu, nije nimchukue." Sawa, lakini kwa wifi, mama hufungiwa chumbani mchana kutwa. Mara ya mwisho alirudi amekonda, hasemi, anashtuka mlango ukifunguliwa. Ndiyo maana mtafiti hapigi. Ila alikuwa amejiapiza: siku mama atakayogusa kazi yangu, basi, napiga.

Kazi yenyewe ilikuwa matangi mawili ya maji ya bahari. Ndani yake alitumbukiza vipande vya kioo, avitazame vinavyoota ukoga, ule utelezi wa kijani wa vidudu visivyoonekana kwa macho, unaogandia matumbo ya meli na mabomba mpaka wenye meli wakalia. Tangi la kwanza maji yalikwenda polepole, kama yanaona uvivu. La pili pampu iliyasukuma mbio usiku na mchana. Alitaka kujua mwendo wa maji unaufanya nini ukoga. Wiki nenda wiki rudi amengoja, na kesho ndiyo ilikuwa siku ya kuvitoa vioo na kuvipima.

Mchana akalaza kichwa mezani, afumbe macho kidogo tu. Alipozinduka, kiti cha mama mkwe kilikuwa kitupu.

Mama wa watu alikuwa kwenye sinki, amelowa mpaka viwikoni, anasugua vioo kwa kitambaa. Vya tangi la kwanza alikuwa amevimaliza vyote, amevipanga vinang'aa kama sahani za wageni.

"Mama! Unafanya nini, mama?"

"Naosha vyombo. Si umechoka? Nikasema nikupunguzie."

Jamani! Mtafiti hakulia, hata kulia kunataka nguvu. Alichukua simu akatafuta namba ya wifi yake, akabonyeza. Mimi si chuma, alijiambia. Simu ikaanza kuita.

Mama mkwe, wala habari hana, alikuwa anahangaika na kioo cha tangi la pili. Ukoga wa tangi la kwanza ulikuwa mnene, umefura kama sufi, na ulitoka kwa kufutwa mara moja. Huu ulikuwa mwembamba, huuoni mpaka uelekeze kioo kwenye mwanga, lakini ulikataa katakata. Akakwangua kwa ukucha. Wapi!

"Mwanangu, huu mbona hautoki?"

"Uache, mama." Kisha akamjibu tu, kwa mazoea ya kazi. "Huo maji yalikuwa yanausukuma tangu siku ya kwanza. Uliolegea ulishachukuliwa zamani. Uliobaki ndio ulioshikilia."

Mama mkwe akakigeuza kioo, akakitazama kwa huruma kweli kweli. "Maskini. Mwembamba hivi. Na hakuna anayeusaidia?"

Mtafiti akakikazia macho kile kioo. Hapo hapo sauti ikasema sikioni, "Haloo, wifi! Vipi, nije nimchukue?"

"Njoo," akasema. "Lakini humchukui. Njoo Jumamosi ukae naye hapa kwangu, mimi nilale."

"Ulale?"

"Nilale tu, wifi. Na Jumamosi nyingine uje tena."

"Sasa mbona hukusema siku zote hizo?"

"Siku zote unaniuliza kama nimemchoka mama. Hujaniuliza hata mara moja kama nimechoka."

Mtafiti aliiacha simu sikioni, akangoja jibu, na machozi sasa yalikuwa yanamtoka bila kuomba ruhusa. Mama mkwe alikausha mikono kwenye gauni lake, akaja na kile kitambaa kilicholowa, akaanza kumfuta uso.