Mashudu kwa Usawa

Baba yangu, mzee Ngollo, tulimzika ndani ya zizi la ng'ombe, amevingirishwa ngozi ya dume, kama wazee wenye miji yao huku kwetu Nzega. Mwaka uliofuata ikaja Operesheni Vijiji. Kamati ya kijiji kipya ikaona zizi letu lina ua mzuri wa minyaa, ikaamua mradi wa nguruwe uwe humo. Nikawaambia baba yumo. Mwenyekiti Lugembe, ambaye siku ya mazishi alilia kuliko mimi, akasema mzee angefurahi kuchangia maendeleo. Nikapewa kazi ya kuwalisha, nikaikubali ili niwe karibu na baba.

Bwana mifugo, Raymundi, alitufundisha vizuri. Alisema nguruwe wadogo wanaokua wanataka protini nyingi, basi pumba zao zichanganywe na mashudu ya karanga ya kutosha na dagaa. Wakubwa wanaonenepeshwa wapunguziwe, wao pumba zinawatosha. Mdogo akikosa cha kujenga mwili, alituonya, atakitafuta ardhini.

Kamati ikakaa. Lugembe akauliza tangu lini katika ujamaa mmoja akapewa kingi na mwenzake kidogo. Wakampigia makofi, wajinga wale. Mgao ukawa sawa kwa wote: wakubwa wakazidi kunona, wadogo wakabaki mbavu nje, manyoya yamesimama. Wakaanza kufukua.

Hawakufukua kila mahali. Walikwenda kwenye kona ya baba tu. Niliwafukuza kwa fimbo, nikarundika mawe, nikakaa juu ya mawe kutwa nzima. Nilimsikia baba akikohoa, kile kikohozi chake cha ugoro; nikigeuka, ni kitoto cha nguruwe kinanitazama. Niliogopa, sisemi uongo. Nilikwenda kumsihi Lugembe awaongezee wadogo mashudu ili wamwache baba yangu. Akanijibu kwamba mgao umepitishwa na mkutano.

Siku ya shamba la pamoja hakuna aliyeruhusiwa kubaki nyumbani. Niliporudi, mawe yalikuwa yamesukumwa na shimo liko wazi. Kitoto kimoja kilikuwa kikitafuna kipande cha ngozi. Nilishuka shimoni nikapapasa udongo kwa mikono yote miwili, nikilia. Hapakuwa na kitu.

Baada ya hapo wadogo wakaanza kung'aa. Lugembe akaleta wageni wa wilaya, akajigamba mbele yao kwamba usawa haumpunji mtu. Nikamvuta pembeni.

“Wamepata cha kujenga mwili, Mwenyekiti. Kachungulie ile kona.”

Akaenda. Aliporudi, aliwaaga wageni kabla hawajamaliza maswali yao.

Sabasaba ilipofika nguruwe wote walichinjwa. Watu walikula wakisifu utamu wa nyama, nami kila aliyetafuna nilimtazama mdomo. Wengine walinicheka, wakasema Bertila anawalilia nguruwe wake.

Nilichukua fungu langu bila kulionja, nikachukua na jembe, nikaenda zizini. Lugembe akanifuata. Alikuwa na fungu lake mkononi, nalo zima. Hakuniomba radhi. Alinipokea jembe akachimba, jasho linamtoka, mpaka shimo likamfika magotini. Akauliza kama panatosha.

“Chimba zaidi, Mwenyekiti,” nikamwambia. “Unamzika mtu.”