Watoto wa Wapiga Kura

Kaneza hakuwa na karte ya kupigia kura, wala hakutarajia kuipata. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi. Yeye na mume wake, Claver, walilima mihogo na maharage nje kidogo ya Nundu. Walipoingia Kongo, binti yao Joselyne alikuwa bado ananyonya. Mwaka uliofuata alishikwa na homa kali, na ilipomwachia, masikio yake hayakusikia tena.

Sasa Joselyne alikuwa msichana mrefu, mwepesi wa kucheka. Nyumbani walikuwa na ishara zao wenyewe: ya chakula, ya mvua, ya kuku aliyepotea. Nje, watu walimpigia kelele kana kwamba sauti ikizidi angesikia, halafu wakamgeukia mama yake. "Anasema nini, huyu bubu wako?" Kaneza alichoka kujibu.

Siku moja wakati wa kampeni, mama na binti walikuwa sokoni Nundu wakiuza sombe, majani ya mihogo. Wagombea wengine walikuja na magari ya muziki na tisheti za kugawa. Mama Clarisse, mwalimu wa mji wa Baraka aliyetaka kuwa depite, yaani mbunge wa jimbo, alikuja kwa pikipiki na watu wachache, akapita kwa miguu akisalimu kila muuzaji. Alipofika kwao alimsalimu Kaneza, kisha Joselyne. Joselyne hakuitika.

"Hasikii, mama," Kaneza akasema haraka. "Usikasirike."

Clarisse aliweka mkoba wake chini, akainua mikono na kuanza kusema nayo, taratibu. Joselyne alikodoa macho. Ishara zile hazikuwa za kwao, lakini alielewa mara moja kwamba huyu mgeni anaongea na yeye, si na mama yake. Clarisse akagusa fungu la sombe, akafanya ishara yake. Joselyne akairudia. Mtoto akaonyesha ziwa lililoonekana nyuma ya soko, akapewa ishara ya ziwa. Akaonyesha jua. Akaonyesha mbuzi. Hakutaka kuacha.

"Mwalimu, twende, saa inapita!" watu wa kampeni wakaita. Clarisse aliwainulia kiganja wangoje.

"Ulijifunzia wapi, mama?" Kaneza akauliza.

"Kaka yangu mukubwa hasikii. Kwetu wote tulijifunza." Clarisse aliokota mkoba wake. "Mutoto wako iko na akili sana. Nikipita, nitatafuta mwalimu wa batoto kama huyu, afundishe hapa Nundu. Nisipopita, nitamutafuta vilevile, ila itakawia."

Jioni Kaneza alimsimulia Claver kila kitu. Claver alisikiliza hadi mwisho.

"Ni mwanamke mzuri," akasema. "Lakini sisi ni wageni hapa. Ukianza kumwimbia, kesho watasema Warundi wanatuchagulia depite."

Kaneza alijua mume wake ana haki ya kuogopa. Lakini kila alipokuwa akipalilia, aliona tena uso wa mtoto wake pale sokoni.

Siku chache kabla ya kura, jirani yao wa shamba, Gentille, Mubembe, mwenyeji wa hapo, mwenye watoto watatu wadogo, alisema hatakwenda kupiga kura. "Mustari itakuwa murefu, na jua vile. Batoto nitaacha na nani?"

"Uniachie mimi," Kaneza akasema.

"Bote?"

"Bote. Ambia na bamama wengine."

Gentille alicheka. "Na mi nimupigie nani?"

Kaneza alikumbuka maneno ya Claver. "Kura ni yako. Lakini kwa kuwa umeniuliza, mi ninamupenda yule mwalimu. Alisemesha mutoto wangu."

Asubuhi ya kura akina mama walifika mmoja baada ya mwingine. Kaneza hakuwauliza wanampigia nani. Mmoja alivaa tisheti ya mgombea mwingine kabisa, na Kaneza akampokea mtoto wake kama wa wenzake. Uani kulijaa vilio na vicheko. Joselyne aliwakalisha watoto wakubwa mkekani akawaonyesha ishara za wanyama, nao wakaziiga kwa fujo. Claver, bila kuombwa, alileta madumu ya maji, kisha akaketi kumenya viazi vitamu kwa ajili ya wote.

Jua lilipokuwa linazama Gentille alirudi, kidole chake kina wino na miguu ina vumbi. "Nimepigia mwalimu," akasema akimbeba mtoto wake mdogo. "Si juu yako tu. Ni juu ya barabara pia, alisema atatengeneza."

Wiki zikapita. Kaneza alikuwa shambani aliposikia Gentille akipiga vigelegele kutoka mbali: redio imesema mwalimu amepita! Kaneza aliangusha jembe, wakakumbatiana katikati ya mihogo.

Barabara bado ni ileile. Lakini baada ya Pasaka kijana aitwaye Néhémie alianza kuja kutoka Baraka kila Jumamosi, akafundisha watoto wasiosikia katika chumba cha kanisa. Siku ya kwanza Kaneza na Claver nao walikaa benchi la nyuma wajifunze. Vidole vya Claver vilikuwa vimekakamaa kwa jembe, havikukunjika inavyotakiwa. Joselyne alimcheka mpaka akashika tumbo. Kisha akaja akapiga magoti mbele ya baba yake, akaanza kumkunjia kidole kimoja kimoja.