Mtungi wa Lieu

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa saba kwa kalenda yetu ya mwezi, siku moja kabla ya sikukuu ya kuwalisha marehemu wasio na kwao. Adhuhuri nilitoka hotelini kwenda kula wali wa chenga pale uchochoro unapokutana na barabara. Nikarudi, nikapanda ngazi, nikainama chini ya kitanda, na mke wangu hakuwepo.

Nasema majivu yake. Lieu alifia hapa Saigon, katika hospitali kubwa ambako sisi watu wa mikoani tunaletwa tukiwa tumeshachelewa. Kule kwetu daktari wa wilaya alimwambia ana vidonda vya tumbo, akampa vidonge vyeupe, vikiisha anampa vingine. Mimi shule niliiachia darasa la tatu, ila macho ninayo, na niliona kabisa mtu anayekonda namna ile hana vidonda tu. Nilisema. Nani amsikilize mfuga kamba? Mke wangu amekufa, na yule daktari nasikia amepandishwa cheo.

Tulimchoma mjini kwa sababu kusafirisha mwili mpaka kwetu Nam Can ni jambo la watu wenye uwezo. Binti yetu Hoai, aliyeolewa Taiwan, alikuwa aje tumpeleke mama yake nyumbani pamoja, lakini kimbunga kikafunga viwanja vya ndege. Karani wa mahali pa kuchomea maiti, kijana mwenye saa kubwa mkononi, akaniambia, "Mzee, mpeleke pagoda ile ya jirani. Watawa watakutunzia mpaka binti afike. Hotelini hawatakupokea naye."

Nikautazama ule mkono wake ulivyonyooka haraka kuelekea pagodani, kwenye hekalu la Kibuddha. Mtu haelekezi njia kwa bidii vile bure. Nilijua wanagawana sadaka. Nikamwambia nitaona, nikaondoka na mtungi wangu.

Hoteli ya Bi Diep ni ile nyembamba iliyo nyuma ya hospitali, ghorofa nne, pikipiki za wageni zinalala sebuleni, na karibu na mlango, chini sakafuni, mungu wa ardhi amekaa kwenye kibanda chake na kahawa yake ya barafu na sigara inayowaka. Wengi wanaolala humo wana mgonjwa ng'ambo ya ukuta. Vyumba vya bei ya chini havina dirisha. Ukutani wameandika: usilete tunda la duriani, usiwashe jiko. Usilete maiti hawakuandika, maana hakuna asiyejua. Mgeni akisikia chumbani mlilala majivu, anabeba mfuko wake na kuondoka, na wa pembeni anamfuata. Mwaka uliopita hoteli moja katika uchochoro ule ule ilikufa kwa uvumi tu.

Kwa hiyo siku ile ya kufika nilikuwa nimejiandaa. Mtungi wa kauri, mweupe wenye yungiyungi la buluu, nilikuwa nimeuzungushia skafu ya Lieu ya miraba, nikautia kwenye mfuko wa plastiki.

"Humo mna nini, kaka Tam?" Bi Diep aliniuliza huku akichukua kitambulisho changu na kukitupa kwenye droo. Ana nywele zilizotiwa rangi na dhahabu shingoni, na akicheka macho hayacheki.

"Samaki wa chumvi. Wa mtungi. Nampelekea mtu."

"Wasinuke."

"Nimeziba."

"Muulize wamezibwa tangu lini," akasema mtu aliyekaa ngazini na bakuli la tambi. Alikuwa Quoi, mwenye chumba jirani na changu, anayeuguza mama yake. Mtu wa maswali. "Mzee, kesho asubuhi tuonje kidogo."

"Si wa kuonja."

"Eh. Samaki wa heshima hao."

Sikuupenda ule mzaha. Mtu anayekuuliza mara mbili juu ya mfuko wako ana haja na mfuko wako. Tena polisi wa mtaa hupita kwenye hoteli hizi kukagua wageni, na akipita hafungui daftari tu, anafungua na mlango. Ndiyo maana nilipofika chumbani nilifunga komeo, nikachukua maji ya moto ya chai, nikalowesha ile karatasi iliyogundishwa ubavuni mwa mtungi, yenye jina la Lieu na tarehe yake ya kufa, mpaka ikatoka yote. Sasa hata wangeufunua, wangeona mtungi tu. Wakubwa wakiweka sheria za namna ile, mtu afanyeje?

Basi ile Alhamisi nikashuka ngazi mbio. Bi Diep alikuwa ameweka meza nje mlangoni, anapanga uji, chumvi, miwa, viazi vitamu, na nguo za karatasi za kuchomewa marehemu. Uchochoro mzima ulikuwa na meza kama hizo. Moshi wa ubani ulijaa mpaka kwenye helmeti za pikipiki.

"Bi Diep, nani ameingia chumbani kwangu?"

"Chin wa usafi. Leo vyumba vyote vinafukizwa, kaka Tam. Kila mwaka, siku ya kumi na nne."

"Chumba changu nilikifunga."

"Na funguo za akiba anazo nani? Mimi? Mimi napanda ngazi kwa magoti haya?"

"Kuna kitu changu hakipo."

Akaacha kupanga. "Kitu gani?"

Ningesema nini? Watu walikuwa wanapita, na Quoi alikuwa amesimama palepale na sigara yake. "Samaki," nikasema.

Bi Diep akavuta pumzi. "Chin yuko hapa tangu mume wangu ana meno yake yote. Watu wamesahau pete humu, wamesahau bahasha. Anazileta. Leo ndiyo aanze wizi, na aanzie kwenye samaki wako?"

"Pengine paka," akasema Quoi.

"Paka anafungua kufuli?"

"Paka wa Saigon, mzee, hujamjua. Nenda tu sokoni ukanunue wengine. Au wale wako walikuwa na majina?"

Kwa nini aseme majina? Nikamtazama, naye akapuliza moshi pembeni. Nikamwambia wazi kwamba nataka kuona chumba chake. Watu wawili watatu wakageuka. Quoi hakubisha, na kutobisha kwenyewe kukanitia shaka zaidi. Akanipandisha, akafungua mlango, akakaa kitandani.

"Tafuta, mzee. Na chini ya mto usisahau."

Nilikuta tambi za pakiti, fulana zilizoanikwa juu ya feni, na meno ya bandia ya mama yake ndani ya glasi. Nikainua godoro. Nikafungua hata begi lake.

"Hao samaki," akasema taratibu, "unawalilia sana."

"Silii."

"Haya. Hulii."

Sikumwamini. Angeweza kuwa ameshautoa nje. Niliwahi kusikia watu wanaokuibia kitu ambacho huwezi kukishtaki, kisha wanakuja kukuuzia. Na mimi ningemshtaki nani, kwa nani? Nikienda kwa polisi wa mtaa, swali la kwanza lingekuwa: ulileta majivu ya maiti katika nyumba ya biashara? Wamepanga mambo yao hivyo, ukiibiwa wewe ndiye unakuwa mwenye kosa.

Nikarudi kwa Bi Diep. "Chin yuko wapi?"

"Siku ya kumi na nne hutoka mapema."

"Anakwenda wapi?"

"Sijamuuliza. Nawe mwache. Atarudi asubuhi." Akanisukumia kipande cha muwa. "Kula, kaka Tam. Umepauka."

Sikuula. Kwa nini anipe muwa? Tangu nifike hakuwahi kunipa hata maji ya bure.

Nikiwa bado sebuleni, Hoai akapiga simu. Kelele za uwanja wa ndege zilisikika nyuma yake. "Baba, wamefungua. Kesho asubuhi niko kwako. Mama yuko salama?"

"Yuko."

"Upo naye hapo?"

"Nipo naye."

Asubuhi niliposikia ndoo ikiburutwa nyuma ya ngazi, nilikuwa nimeshavaa. Chin alikuwa anakamua tambara la kudekia bombani, kitambaa chake cha kichwa kimefungwa kama kawaida, mgongo umepinda kidogo. Nikasimama kati yake na mlango.

"Samaki wangu wako wapi?"

Hakushtuka. Akaendelea kukamua. "Teremsha sauti, kaka Tam. Bi Diep akisikia tutatoka wote, wewe na mfuko wako, mimi na ndoo yangu. Samaki wako nimewapeleka pagodani."

"Nani alikutuma?"

"Nitumwe na nani?"

"Yule karani mwenye saa?"

"Karani gani? Sikiliza. Kila mwaka, siku hiyo, nikifukiza vyumba naangalia chini ya vitanda. Na kila mwaka napata. Unadhani wewe wa kwanza? Mmoja aliniambia ni asali. Mwingine mchele. Kulikuwa na bwana mmoja kutoka Chau Doc, yeye alisema dawa ya mbu." Akatundika tambara. "Jana na leo wale wasio na kwao wanazunguka mjini, kila mlango wenye uji wanaingia. Ungemwacha mtu wako chini ya kitanda, kwenye vumbi, na vurugu yote hiyo? Pale angalau anasikia kengele."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unakula. Na ningekwambia, ungesema ni samaki."

Sikuridhika. Nikamwambia avue aproni twende sasa hivi, nione kwa macho yangu. Njiani nikamwandikia Hoai asije hotelini, aje pagodani moja kwa moja. Nilimwambia ni kwa ajili ya sikukuu.

Pagoda ilifurika. Watu walikuwa na maua ya waridi vifuani, mekundu kwa wenye mama hai, meupe kwa waliofiwa. Chin akanipitisha pembeni, nyuma ya jiko la watawa, mpaka kwenye chumba chenye rafu ndefu. Mtawa mmoja mwanamke, mnene, mwenye miwani, akatupokea kwa viganja vilivyoungana.

"Dada Chin ameleta jana, mtungi wenye skafu," nikasema. "Skafu ya miraba. Ni wangu. Ni wetu."

"Skafu tumezifua zote," akasema. "Jana jioni tuliifuta mitungi yote kwa ajili ya sikukuu na kuipanga upya. Zile pale kambani." Kweli, niliiona skafu ya Lieu inaning'inia juani kati ya vitambaa vingine. "Jina la marehemu?"

"Lieu. Tran Thi Lieu."

Akapita na kidole kwenye rafu, mtungi kwa mtungi, akisoma. Akafika mwisho. Akarudi. Kisha akasimama mbele ya rafu ya chini. "Lieu hayupo. Isipokuwa awe miongoni mwa hawa wasio na karatasi."

Ilikuwa mitungi mitatu. Myeupe yote, yenye yungiyungi la buluu, ile ile ya bei ya chini wanayotuuzia kule wanakochoma, wote sisi, kana kwamba tumefiwa na mtu mmoja. Serikali inajua kuweka namba kwenye kila pikipiki ya nchi hii, kwenye kila mlango wa nyumba, lakini mke wa mtu wanamwekea kijikaratasi cha gundi ya wanga.

"Hawa wengine ni wa nani?" nikauliza.

"Walioletwa kutoka hotelini, miaka ya nyuma. Wenyewe hawakurudi." Mtawa akanitazama. "Wa kwako karatasi yake ilitokaje?"

"Ilibanduka," nikasema.

Chin aliangalia sakafu.

"Dada, wewe ndiye uliyeubeba," nikamwambia. "Huukumbuki?"

"Niliubeba ndani ya skafu, kaka Tam. Sikumfunua. Mimi simfunui mtu."

Nikaomba ruhusa. Nikainua wa kwanza kwa mikono miwili, nikaukumbatia kifuani kama nilivyomkumbatia kwenye basi la kuja hospitali, na nikasema moyoni, ndiye huyu. Uzito ulikuwa ule ule. Nikauweka. Nikainua wa pili, nikasema, hapana, ndiye huyu. Wa tatu niliushika muda mrefu. Nilitafuta mwanya, ufa, alama ya yale maji ya moto. Watawa wanajua kufuta. Kauri ilikuwa safi kama sahani. Nikauliza kama hakuna mashine, maana nasikia wana mashine ya kutambua mifupa ya askari waliopotea vitani. Mtawa akasema mifupa ndiyo, ila moto ukishapita, mashine haina cha kusoma. Sijui kama ni kweli. Watu wa dini nao wana wakubwa wao.

"Wachukue wote watatu," Chin akanong'ona. "Nyumbani kwenu si kuna nafasi?"

"Nikawazike wageni kwenye kaburi la ukoo wangu? Na wenyewe wakija kesho kuwaulizia?"

Mtawa akasema kwa upole kwamba hilo hata yeye asingeliruhusu.

Hoai alifika na sanduku lake la magurudumu na macho yaliyovimba. Mlangoni walikuwa wamembandika ua jeupe kifuani. Aliniinamia, akamwinamia Chin asiyemjua, akavua viatu. Nilitaka kumvuta pembeni kwanza, nimweleze habari ya karani, ya hoteli, ya gundi. Lakini tayari alikuwa amewasha vijiti vitatu vya ubani, anatafuta pa kuelekea. Akaiona skafu ya mama yake pale kambani. Akaiona rafu ya chini, na mitungi mitatu niliyokuwa nimeitoa mbele. Moshi ukaanza kumpanda usoni.

"Baba," akasema, "nipige magoti mbele ya upi?"