Kanda Kutoka Siahgar

Katika mwaka wa tisa wa uhamisho wake, Mir Jiand alikuwa amezoea vumbi la Helmand, ng'ambo ya mpaka, lakini hakuzoea kuitwa mkimbizi. Mkimbizi, alikuwa akisema, ni mtu aliyekimbia. Yeye alihama na watu elfu mbili na kondoo wao, baada ya jeshi la serikali kuyachoma mabonde yao, akaapa kwamba hatarudi Balochistan kwa mlango wa nyuma.

Kwao Siahgar alikuwa chifu, mwana wa chifu, tena msomi wa sheria. Hapa kambini alilala katika chumba cha udongo kama wenzake, akapanga foleni ya unga kama wenzake, na kila asubuhi akawafundisha watoto kuandika Kibaluchi, lugha ambayo yeye mwenyewe alichapwa shuleni kwa kuisema.

Siku moja ya masika akaja Sobdar, mtoto wa baba yake mdogo. Sobdar hakuhama. Alibaki akapewa cheo serikalini, na kambini jina lake lilitajwa pamoja na kutema mate. Vijana walitaka kumrudisha njiani. Mir Jiand akawaambia kuwa mgeni ni mgeni, hata akija na njaa ya fisi, akamkalisha kwenye zulia karibu naye.

Kama ilivyo desturi, Sobdar alitoa habari zote kwa mpangilio kabla ya kusema lililomleta: mvua, malisho, waliozaliwa, waliokufa. Kuhdad, mpiganaji mzee aliyebakiwa na mkono mmoja, hakuweza kujizuia.

"Umenenepa, Sobdar. Mkate wa serikali una samli nyingi."

"Na wewe umekonda, mzee wangu. Ila ulimi hawakukupunguzia."

Watu wakacheka kwa shingo upande. Ndipo Sobdar akatoa karatasi. Ilikuwa ya ukurasa mmoja tu. Ilimtaka Mir Jiand akiri kwamba alikosea kuinua bunduki, aape kutodai tena haki ya Wabaluchi, atie sahihi, arudishiwe ardhi na uchifu wake. Mama yake, Bibi Mahikan, aliyebaki Siahgar, alikuwa mgonjwa na karibu kipofu. Alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti kwenye kanda.

Mir Jiand akaipokea ile kanda. Alitaka kuisikiliza peke yake, lakini Sobdar alisema mama ameagiza isikilizwe mbele ya watu wote. Kuhdad akamnong'oneza kuwa huo ni mtego: mama atalia, na machozi yake yatavunja kambi nzima. Mir Jiand alijua siri ambayo hakumwambia mtu yeyote, kwamba mama yake akimwita, atatia sahihi. Risasi hakuziogopa, lakini sauti ile aliiogopa. Hata hivyo akaagiza redio kaseti iletwe.

Kilianza kikohozi kirefu. Kisha sauti, dhaifu lakini imenyooka:

"Jiand, mwanangu. Bwana mkubwa wa serikali amekaa hapa mbele yangu, amenipa maneno ya kukwambia. Nakwambia: rudi, tia sahihi. Haya, nimesema, kazi yake imekwisha. Sasa sikiliza yangu. Usihofu, lugha yetu haijui huyu, anatikisa kichwa tu na kunimalizia chai. Mimi nilikuzaa mara moja. Ukitia sahihi nitakuwa nimezaa mtu mwingine, na kwa umri huu sina nguvu za kulea tena. Macho yangu yamekwisha, lakini heri kufa macho kuliko kufa moyo. Ule vizuri. Na Sobdar asitukanwe, ndiye anayeniletea dawa."

Kanda ikaendelea kukwaruza, na hakuna aliyesogea kuizima. Kuhdad alikuwa amefunika uso kwa kilemba. Mir Jiand alijiona kama kwamba amerudishiwa bonde zima la Siahgar bila kuomba. Akamgeukia binamu yake.

"Ulijua maneno haya?"

"Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani," akasema Sobdar. "Nilimwambia yule bwana kwamba mama anakusihi kwa uchungu."

"Wakigundua, watakula nyama yako."

"Ninayo ya kutosha. Muulize Kuhdad."

Safari hii walicheka kwa moyo mmoja. Mir Jiand akamsihi abaki kambini chini ya ulinzi wake, lakini Sobdar akauliza nani basi atampelekea mama dawa. Akaondoka na karatasi ile ile, tupu chini kama ilivyokuja.

Siri ilivuja. Sobdar alifungwa miezi minane na cheo kikamponyoka. Bibi Mahikan alifariki majira ya baridi yaliyofuata, na watu walikuja kumpa Mir Jiand pole kutoka kambi za mbali, wengine kwa miguu, wakikaa naye siku tatu.

Ilipita miaka minne mingine. Serikali ikabadilika, ikawaruhusu waliohama warudi bila kuandika neno. Mpakani watu wa kwao walikuwa wamewangoja siku mbili, na kondoo wazima wakibanikwa kando ya mioto. Mir Jiand aliwaambia kwamba kwanza atakwenda kaburini kwa mama yake. Wazee walipojipanga nyuma yake kwa vyeo, akamwita Sobdar, aliyekuwa amesimama mbali, atangulie mbele yao wote. Kuhdad ndiye aliyempisha njia.