Vidonge vya Mzee Kenchi

Jina la Mzee Kenchi alilipata juu ya mapaa, kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba bati. Tangu ujana wake alikuwa fundi wa kuezeka, na aliwahi kuanguka akateguka bega, akapanda tena kumalizia bati lililobaki. Kwa hiyo nyonga yake ilipolika alikaa nayo kimya miaka, akichechemea, mpaka binti yake, msusi, alipomburuta hospitali. Wakamwekea nyonga bandia.

Alirudi nyumbani na magongo pamoja na vidonge vikali, ndugu wa mofini. Muuguzi alisema wazi kwamba avimeze kwa siku za mwanzo tu, kisha apunguze, maana dawa ile ikishamzoea mtu haimwachi kirahisi. Msusi aliitikia huku akimtupia jicho mdogo wake.

Mdogo wake huyo, kitinda mimba wa nyumba, alikuwa fundi wa kupaka rangi na watu walimwita Brashi. Zamani alikuwa mtu wa unga wa kulevya. Aliuza viatu vyake, akauza vya baba yake, kisha akaacha, akawa anakwenda kliniki kila asubuhi hadi mwili ukatulia. Miaka ilikuwa imepita. Ndiye aliyejitolea kuhamia sebuleni amuuguze mzee. Alimwosha, alimvisha soksi, alimsimamisha kwa mazoezi, akimtania kwamba sasa ana chuma ndani, mvua ikinyesha asitoke asije akashika kutu.

Mzee alicheka, lakini maumivu yalimtafuna. Wageni walipokuja kumjulia hali alisema haumwi hata chembe, na walipotoka alimeza kidonge. Baadaye vikawa viwili. Ikafika mahali hakujua tena kama anameza kwa ajili ya nyonga, au kwa kuwa asipomeza anatetemeka, kamasi zinamchuruzika na mifupa yote inamuuma.

Msusi alipoona vidonge vimepungua kuliko inavyopasa, hakutaka maelezo. Alimsimamisha mdogo wake mbele ya kitanda cha baba yao, akamwambia mazoea yana tabu, na kwamba alijua tu siku hii itafika. Brashi hakubisha. Alimgeukia mzee.

"Baba, na wewe unaamini hivyo?"

Mzee Kenchi aliutazama ukuta. Neno moja lingetosha, lakini alimwona binti yake amesimama pale, akaona haya, akanyamaza. Brashi alikunja shuka lake, akabeba ndoo yake ya kazi, akaondoka bila kufunga mlango kwa nguvu.

Vidonge vikaendelea kupungua na Brashi hayupo. Kabla msusi hajajua la kufanya, mchana mmoja alimkuta mzee anahema kwa mbali, akitikiswa haamki. Hospitali walimuwahi. Daktari hakumkaripia. Alisema maumivu yale yangetajwa mapema yangetafutiwa njia, na kwamba kuzoea dawa si uovu wa moyo. Wangempunguzia kidogokidogo, wakiwa wanamwangalia. Mzee alilia, binti yake akamfuta machozi huku akikumbuka alivyomsingizia mdogo wake.

Mzee alipoweza kutembea walimtafuta Brashi. Walimkuta kwenye jengo alikokuwa akipaka rangi, amekaa juu ya gunia, amekonda, kope nzito. Hawakuhitaji kuambiwa kwamba ameurudia unga. Mzee aliegemea magongo akamweleza yote, hakubakiza.

"Nilijua, baba," Brashi alisema. "Nilikuona ukimeza tangu mwanzo. Na ile arosto yako, mwili ukiidai dawa, naijua, imeshanitesa mimi."

"Sasa kwa nini hukusema, mwanangu?"

"Ningesemaje mbele ya dada? Mimi nimezoea kutukanwa, wewe hujazoea. Nilidhani utasema mwenyewe."

Msusi alipiga magoti pale kwenye vumbi la saruji akamwomba radhi. Brashi akamwinua. Walimsihi arudi nao nyumbani. Akasema hataki kuingia kwa baba yake akiwa katika hali ile, ila kesho asubuhi wakutane kliniki, aanze upya. Alisema hivyo akiwa anatabasamu, nao wakamwamini.

Asubuhi walikaa kwenye benchi la kliniki mpaka wagonjwa waliowakuta pale wakaisha. Hakutokea. Walipofika kwenye lile jengo, mafundi wenzake walikuwa wamesimama nje, hakuna aliyeshika kazi, na mmoja wao alikuja kumshika mzee mkono kabla hajaufikia mlango. Brashi alikuwa amefia usingizini, unga umemzidi.

Siku ya mazishi Mzee Kenchi aliomba kusema. Aliwaambia watu kwamba mwanawe hakuiba kitu, kwamba vidonge alivimeza yeye, na kijana akabeba lawama isiyo yake. Aliyasema mara mbili. Watu walitikisa vichwa kwa huruma. Wengi walidhani ni mzazi tu anayemsitiri mtoto wake.