Kasisi Kati ya Mawaziri

Mchana kutwa, katika maktaba ya katikati ya jiji, Debra aliitazama picha moja kwenye kitabu cha historia. Ilikuwa ya mawaziri wa nchi ndogo ya Ulaya, kati ya vita vikuu viwili vya dunia, na katikati yao alikaa waziri mkuu wao, kasisi mwenye kanzu nyeusi. Kila alipopepesa macho, sura ile ilikuwa ya baba yake, Mchungaji Mbuthia wa Riruta.

Ulikuwa mwaka wa 2007, uchaguzi ukibisha hodi. Wazee wa kanisa walimtaka Mchungaji agombee ubunge, na jioni hiyo waliketi sebuleni kwake kungoja jibu. Debra akamfungulia baba yake kitabu alichokiazima maktabani.

"Ona, Baba. Inawezekana. Huyu aliongoza serikali nzima!"

"Sisi hatuombi serikali nzima," mzee Wachira akatania. "Tuanze na barabara ya hapa."

Mchungaji alicheka, kisha akaigusa picha taratibu. "Debra, miaka hiyo yote, nani aliwazika watu wa parokia yake?"

Debra angeweza kubuni jina, na moyo ulimsihi abuni. "Kitabu hakisemi, Baba."

"Basi mimi nitabaki, wazee wangu. Nanjala, muumini wetu, anamzika mamake Jumamosi."

Wazee waliinamisha vichwa. Debra alihisi ndoto yake ikipaa polepole kama mvuke wa chai. Kisha akajisikia akiuliza, "Na nikigombea mimi, Baba? Mimi sina kanisa la kuacha."